Kijana Aliyekimbia Vita: Kumbukumbu Zinazomvamia na Namna ya Kumsaidia

 

Mama mmoja wa Unguja alitujia na suala. Anamlea mtoto wa marehemu dada yake, kijana wa miaka 14 aliyetoroka vita vya Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji. Siku nyingi ni mtoto mtulivu. Lakini jirani akichoma makuti, au watoto wakipiga fataki usiku wa kuamkia Sikukuu, hukimbilia uvunguni mwa kitanda akitetemeka. Usiku huamka kwa ukelele. Na linalomuumiza mama zaidi ni kuwa kijana ameacha kuswali. Kila akisujudu humjia picha ya nyumba yao inavyoungua, naye ameshaamini kwamba Allah hamtaki. Mama anauliza: Je, hili ni jini? Swala zake zimebatilika? Na sisi wa nyumbani tufanye nini?

Kabla ya kujibu, inatupasa tukiri jambo. Kijana huyu alikuwa anasoma chuoni kwetu. Siku moja bati lilianguka kwa kishindo, akatoka mbio na kuwaangusha wenzake, na ustadhi akamchapa kwa utovu wa adabu. Alipoletwa mbele yetu tulimwambia: "Sahau, mwanangu. Mshukuru Allah kwamba uko salama." Tulidhani tumempa dawa, kumbe tumemwongezea mzigo. Alitoka pale akiamini kwamba asiyeweza kusahau ni mtu asiyeshukuru. Tunaandika haya ili kurekebisha kosa letu, na ili mwengine asilirudie.

Ni ndugu zetu

Vita vya Cabo Delgado vilianza Oktoba 2017 katika mji wa Mocímboa da Praia. Ni pwani ya Waislamu, na wengi wa watu wake husema Kimwani, lugha iliyo karibu sana na Kiswahili chetu. Vijiji vimechomwa moto, watu wameuawa mbele ya watoto wao, na Machi 2021 mji wa Palma nao ukashambuliwa. Mamia ya maelfu wameyahama makazi yao. Wengi walisafiri kwa mashua na majahazi hadi mji wa Pemba, ambao si Pemba yetu bali ni makao makuu ya mkoa huo.

Na sisi wa visiwani ukimbizi si hadithi ya mbali. Januari 2001 zaidi ya watu 2,000 kutoka Pemba yetu walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Waliokuwa watoto siku zile leo ni wazazi. Huenda baadhi yao wakisoma makala hii watajiona humu.

Kwa nini kumbukumbu hizi zinavamia

Kumbukumbu ya kawaida ina mwanzo na mwisho, na ina tarehe yake. Ukikumbuka harusi ya mwaka jana, unajua kuwa imeshapita. Lakini mtu anapokuwa katika hofu ya kufa, mwili wote hushughulika na kujiokoa. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, na akili haipati nafasi ya kulipanga tukio mahali pake. Hubaki vipande vipande: harufu ya moshi, mlio, uso wa mtu. Vipande hivyo vina nguvu kubwa lakini havina tarehe.

Kwa hivyo pua ya kijana inapokutana na moshi wa makuti hapa Unguja, mwili wake haumwambii kwamba "iliwahi kutokea". Unamwambia kwamba "inatokea sasa hivi". Wataalamu huiita hali hii kiwewe. Dalili zake ni ndoto za kutisha, kushtuka kwa jambo dogo, kukwepa mahali au mazungumzo fulani, hasira za ghafla, kushindwa kuhifadhi au kusoma, na kwa wadogo kukojoa kitandani baada ya kuwa wameshaacha.

Si dalili ya imani dhaifu

Sisi tunaamini kuwepo kwa majini, na kusoma Qur'ani kwa ajili ya kuponya ni jambo la kheri. Lakini si kila anayetetemeka ana jini. Kumpiga mtoto, kumfunga au kumnyima usingizi kwa jina la ruqya ni dhulma, na kunamwongezea kitisho kipya juu ya kile cha zamani.

Wala tusimwambie kwamba imani yake ni ndogo. Tumwangalie Mtume wetu (s.a.w.). Wahshi ndiye aliyemuua Hamza (r.a.) katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Aliposilimu, baada ya Makka kufunguliwa, Mtume alimpokea, akamuuliza kama ndiye aliyemuua ami yake, kisha akamuomba kama ataweza asimwoneshe uso wake. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Bukhari. Ilikuwa imepita miaka kiasi cha mitano. Ikiwa moyo wa kiumbe bora uliguswa namna hii kwa kuuona uso mmoja, vipi tutamlaumu mtoto kwa harufu ya moshi?

Hukumu ya Swala yake

Swala ya kijana huyu ni sahihi maadamu ametimiza nguzo na sharti zake. Picha inayomjia bila ya yeye kuiita haibatilishi Swala, na wala haandikiwi dhambi. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa Allah ameusamehe umma huu kwa yale yanayopita nafsini, muda wa kuwa mtu hajayatenda wala kuyatamka. Akishtuka akaikata Swala, basi ataiswali tena akishatulia, na hana lawama. Na akishindwa kukaa katika msikiti uliojaa watu, khofu na maradhi ni miongoni mwa nyudhuru za kuacha jamaa. Aswali nyumbani na mama yake mpaka apate nguvu.

"Sahau" haisaidii

Mwambie mtu asifikirie embe, na embe ndilo litakalomjia. Ndivyo ilivyo kwa kumbukumbu hizi. Kadiri kijana anavyopambana kuifukuza picha, ndivyo inavyorudi kwa nguvu. Anachohitaji ni kujua kwamba anaweza kuitawala.

Ya kufanya nyumbani

Kwanza, mwelezeni. Aambiwe kwa maneno mepesi: "Wewe si mwendawazimu. Mwili wako uliogopa sana, na bado haujajua kuwa umeshafika salama."

Pili, inapomshika, mrudisheni hapa na sasa. Msimkamate kwa nguvu. Mkae karibu, mumwambie kwa upole jina lake, siku ya leo na mahali alipo. Akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ataje vitu vitano anavyoviona, anawe uso kwa maji baridi, kisha avute pumzi na kuitoa polepole kuliko alivyoivuta.

Tatu, mfundisheni kuishika picha. Taasisi ya Children and War ya Bergen, Norway, ilitengeneza mafunzo kwa watoto wa vita baada ya vita vya Bosnia, na yamewafikia pia watoto wa Palestina. Mojawapo ya mazoezi yake ni hili: akiwa ametulia, mtoto huifikiria picha inayomsumbua kana kwamba iko kwenye televisheni, na rimoti iko mkononi mwake. Anaipunguza sauti, anaondoa rangi, anaifanya ndogo, anaisogeza mbali, kisha anaizima. Aanze na picha nyepesi, si ile nzito kuliko zote. Akirudiarudia, hujifunza kwamba rimoti ni yake.

Nne, mpeni utaratibu. Chakula kwa wakati, skuli, mpira jioni, na kabla ya kulala Ayatul Kursiy na sura tatu za mwisho, apulize viganjani na kujipangusa mwili kama ilivyo Sunna. Muondoleeni video za vita kwenye simu. Waambieni majirani wawape taarifa kabla ya kuchoma taka.

Tano, msimhoji. Wageni wakija, asitakiwe kueleza alivyowapoteza wazee wake.

Faida ya kusimulia

Lakini kunyamaza milele nako si tiba. Katika Suratul Qasas tunasoma habari ya kijana aliyekimbia nchi yake kwa hofu, akigeuka huku na kule: Nabii Musa (a.s.). Alipofika Madyan alipumzika kivulini na kumuomba Mola wake. Kisha mzee wa Madyan akampokea, na katika aya ya 25 tunaona mpangilio wa ajabu: Musa alimsimulia visa vyake, mzee akasikiliza, na ndipo akamtuliza kwamba asiogope, ameshaokoka na watu madhalimu. Hakumwambia asahau. Alisikiliza kwanza, kisha akamhakikishia usalama.

Jambo linalofanana na hilo limefanywa karibu nasi. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi ya Uganda, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani waliwafundisha watu miongoni mwa wakimbizi wenyewe, ambao si madaktari, namna ya kuwasaidia wenzao wa Rwanda na Somalia kusimulia maisha yao kwa mpangilio. Matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionesha kuwa waliosaidiwa walipata nafuu kuliko wale waliofuatiliwa tu. Njia hiyo ilijaribiwa pia kwa watoto wa Kisomali hapo hapo Nakivale.

Msimuliaji hutandaza kamba chini, ambayo ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Ua huwekwa penye furaha, na jiwe penye msiba. Kisha huyapitia yote kwa mpangilio, kikao baada ya kikao, mpaka vile vipande visivyo na tarehe vipate mahali pao. Kamba haikatiki penye jiwe, bali inaendelea hadi leo. Kazi hii isifanywe na asiyefundishwa, kwani kufukua jeraha na kuliacha wazi ni hatari.

Lini kutafuta tabibu

Ikiwa dalili zimezidi mwezi mmoja, au mtoto hali, halali, anajiumiza au anasema afadhali afe, mpelekeni hospitali bila kuchelewa. Unguja kuna huduma ya afya ya akili Kidongo Chekundu, na Pemba anzieni hospitali ya wilaya. Tunajua jina la Kidongo Chekundu linavyoogopwa. Lakini mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaambia wajitibu. Hakubagua maradhi ya mwili na ya nafsi.

Ama kijana wetu, tulimwendea nyumbani na ustadhi wake, na sote wawili tukamuomba radhi. Tulimsomea hukumu ya Swala kama tulivyoiandika hapa. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza: "Kwa hiyo zile nilizoswali zilikuwa zinafika?" Tukamwambia ndiyo, in shaa Allah. Sasa anaonana na mtaalamu kila wiki, na bado zipo siku za uvunguni. Alasiri ya juzi alisimama safu ya mwisho karibu na mlango, pahali alipopachagua mwenyewe, akaimaliza Swala.

Tunamuomba Allah awape amani waja Wake wote waliofukuzwa majumbani mwao, na atujaalie tuwe kwao kama yule mzee wa Madyan. Aamin.

Wallahu a'lam.