Tope la biogesi, pumba na umeme wa akiba

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wilayani Rungwe, Mbeya, wanalijua tope linalobaki kwenye mtambo wa biogesi: gesi huenda jikoni, tope huenda kwenye migomba. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, walilitafutia tope la aina hiyo kazi nyingine. Katika jarida la Materials Today Energy, Talam Kibona Enock na wenzake walieleza jinsi walivyoligeuza kuwa kaboni yenye vitundu, ya kutengenezea elektrodi za supakapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme.

Kila kitu kinategemea vitundu hivyo. Betri huhifadhi umeme kwa mabadiliko ya kikemikali. Supakapasita ya kaboni hukusanya chaji kwenye uso tu, na uso ukiongezeka, chaji nayo huongezeka. Ili kuvipata vitundu, mkaa huchanganywa na haidroksidi ya potasiamu, kisha huchomwa pasipo hewa kwenye nyuzi 700 hadi 800 hivi. Kemikali huula na kuutoboa, hadi gramu moja huweza kuwa na uso wa mita za mraba 1,000 na zaidi. Hiyo ni robo eka ya shamba!

Kati ya elektrodi mbili hukaa elektroliti inayopitisha ioni. Ya majimaji huweza kuvuja. Ndipo inapokuja jeli: polivinaili alkoholi huyeyushwa katika maji ya moto, hutiwa asidi ya fosforiki, kisha hukauka kuwa utando unaonyumbulika. Kazi ngumu ni kuifikisha ndani ya vitundu, kwa maana ikigandia juujuu robo eka yote hupotea. Kwa hiyo hupakwa ingali nyepesi.

Supakapasita haitawasha taa usiku kucha. Kilo moja hubeba takriban saa-wati 5 hadi 10, wakati betri ya lithiamu hupita 150. Lakini hujaa kwa sekunde na huchajiwa mara laki kadhaa bila kuchoka. Sifa hizo zinafaa panapokuwa na upepo wa kushtukiza, kama kwenye mitambo ya upepo ya Mwenga, Mufindi, yenye megawati 2.4.

Malighafi ya kaboni hiyo imejaa: unga wa mbao za msitu wa Sao Hill kule Mafinga, pumba za mpunga Mbarali. Pumba zina silika nyingi, ambayo lazima iondolewe. Vyuo vya MUST, Mbeya, na Mkwawa, Iringa, viko jirani na malundo hayo. Wenye bajeti za utafiti wavipatie tanuri na vipimo, wanafunzi wa kemia waanze kazi.