Kisagio cha sinki: Uniti za LUKU si tatizo, soma kibao cha mota

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya jikoni na wawekezaji wadogo wanaojenga nyumba za wageni kati ya Tegeta na Bagamoyo watafanya vema kusoma kibao cha mota kabla ya kusoma bei, iwapo wanakusudia kununua mashine ya kusaga mabaki ya chakula, ile inayofungwa chini ya sinki.

Mashine hiyo ni ya zamani huko ilikotoka. John W. Hammes, msanifu majengo wa mji wa Racine, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, aliibuni mwaka 1927, na kampuni ya kuitengeneza na kuiuza ikaanzishwa mwaka 1938. Katika ukanda wa Bagamoyo si bidhaa ya kila duka. Mara nyingi huja ndani ya kontena la mtu anayerejea nyumbani, au pamoja na jiko zima lililoagizwa nje.

Swali la kwanza la mteja huwa ni moja: inakula umeme kiasi gani? Jibu litamshangaza. Mashine ya nyumbani huwa na mota ya kati ya theluthi moja ya nguvu farasi na nguvu farasi moja. Mota ya nusu nguvu farasi hutoa wati 373, lakini kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kwa joto, ikadiriwe kuvuta wati 500. Ikitumika dakika tano kwa siku, kwa mwezi mzima haifikishi hata uniti moja na nusu. Kwa bei ya Sh. 292 kwa uniti, ambayo EWURA iliiweka kwa kundi la T1 kuanzia Aprili 2016, gharama hiyo ni kiasi cha Sh. 365 kabla ya kodi na tozo. Pasi au birika la umeme humaliza uniti haraka kuliko hapo.

Hasara iko kwingine. Umeme wa TANESCO wa majumbani ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, yaani Hz 50. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na Hz 60. Mashine ya kule ikichomekwa moja kwa moja hapa, mota huungua kwa muda mfupi sana, na hakuna duka litakalorudisha fedha.

Wapo wanaodhani kuwa transfoma ya kushusha volti inamaliza tatizo. Transfoma hubadili volti tu, Hz haiigusi. Mota ya kawaida iliyokusudiwa kuzunguka mara 1,725 kwa dakika kwenye Hz 60 itazunguka kama mara 1,425 hapa. Aidha, ikipewa volti 120 kamili kwenye Hz 50, sumaku yake hubeba mzigo uliozidi kwa sehemu moja ya tano, nayo huchemka. Ili isichemke ingepaswa kupewa volti 100, na hapo nguvu yake inapungua. Bei ya transfoma ikiongezwa juu ya bei ya mashine, ule urahisi wa mtumba unakuwa umekwisha.

Kwa wanaofuata mzigo Uarabuni tofauti ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Dubai na Oman hutumia Hz 50 kama Tanzania, hata plagi ya pini tatu za bapa ni ile ile. Saudi Arabia hutumia Hz 60. Mashine iliyoandikwa volti 220 na Hz 60 inaweza kumpita mnunuzi anayeangalia volti peke yake.

Jambo la pili ni umeme wa kuanzia. Mota ya nusu nguvu farasi ikishakolea huvuta ampia tatu hivi, lakini pale inapowashwa inaweza kuvuta mara tano ya hapo au zaidi, kwa muda mfupi. Ampia 15 kwa volti 230 ni karibu kVA 3.5. Jenereta ndogo ya kVA 2, ambayo mwenye nyumba ya wageni aliinunua kwa ajili ya taa na friji, itakohoa na huenda ikazima. Hali huwa mbaya zaidi ikiwa pampu ya kisima nayo inaanza wakati huo huo, na kisagio hakifanyi kazi bila maji yanayotiririka.

Nyumba iliyo mwisho wa laini, mbali na transfoma ya mtaa, ina shida ya ziada: umeme mdogo. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu ya mota ya kuanzia hubaki kama asilimia 61. Mota hunguruma bila kuzunguka, hupata joto, na kifaa chake cha kujikinga huikata. Mashine nyingi zina kitufe chekundu chini yake cha kuirudisha. Mwenye nyumba asiyekijua kitufe hicho atamlipa fundi bure. Ikiwa inajikata kila siku, kasoro itafutwe kwenye laini. Kwa vyovyote, mashine iwe na njia yake ya waya, ethi ya kweli na kikata umeme kinachohisi uvujaji, kwa kuwa mtu huiwasha akiwa na mikono yenye maji.

Halafu kuna jiko lenyewe. Jikoni pwani hutoka vifuu na makumbi ya nazi, maganda ya ndizi, magamba ya kamba. Makumbi na maganda yenye nyuzi hujisokota na kuikaba mota, na vifuu ni vigumu mno kwa mashine ya nyumbani. Machicha yangesagika, lakini kuku wanayataka.

Yanayosagika nayo hayapotei. Nyumba nyingi za ukanda huu zinategemea karo, na mabaki yaliyosagwa hulijaza mapema. Safari moja ya ziada ya gari la kunyonya maji taka inameza akiba ya miezi mingi ya LUKU. Jiji la New York, lenye mabomba yake ya maji taka, liliruhusu visagio hivi katika nyumba za kuishi mwaka 1997 tu, baada ya kuvizuia kwa miaka mingi kwa hofu ya mabomba hayo.

Kwa hoteli hesabu ni nyingine. Mashine ya nguvu farasi tatu, ikivuta kilowati tatu kwa saa moja kila siku, hutumia uniti 90 kwa mwezi, sawa na Sh. 26,280 kabla ya kodi na tozo, na mara nyingi huhitaji fezi tatu. Hoteli yenye laini hiyo tayari inaweza kuimudu. Isiyo nayo ijumlishe gharama ya kuivuta kwenye bei ya mashine, na imwite fundi wa maji taka apime karo kabla ya kumwita fundi umeme.