Daftari la Mauzo na Kodi ya Mfanyabiashara Mdogo

Wanakamati wa sharika za Mpanda huuliza kwa nini mafunzo ya vikundi yanaanza na daftari badala ya mkopo. Chukueni mama anayeuza mchele sokoni, mauzo yake kwa mwaka shilingi 5,000,000. Kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mwenye mauzo yanayozidi milioni 4 hadi milioni 7 asiye na kumbukumbu alitakiwa kulipa 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Hizo 70,000 zilizobaki ni sare na viatu vya watoto.

Mauzo si faida. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Huandikwa fedha yote iliyoingia, hata ile iliyorudi kununua mzigo. Iandikwe kila jioni, na risiti zitunzwe. Kwa kuwa viwango huweza kubadilishwa na bajeti ya Juni, ulizeni TRA hapa Mpanda kila Julai.

Angalizo: makadirio haya ni ya mtu binafsi, siyo kampuni. Usharika wenye mashine ya kukoboa uulizie utaratibu wake.