Maneno Yanayorudi Kila Mstari (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita nilieleza jinsi mtoto anavyounganisha silabi. Leo tukae na maneno machache yanayojaza kila ukurasa: "na", "ya", "kwa" na "ni" katika Kiswahili, "the", "was", "said" na "of" katika Kiingereza. Mwanafunzi wa gredi ya pili Kibera au Kawangware, jijini Nairobi, hufunzwa tahajia ya lugha zote mbili, na mara nyingi kwa mtindo mmoja: kadi inainuliwa, darasa zima linaitika, kadi inashushwa. Mtindo huo unamchelewesha.

Orodha maarufu ya maneno ya Kiingereza ya aina hii ilitungwa na Mmarekani Edward Dolch mwaka wa 1936. Ina maneno 220, na majina ya vitu hayamo. Walimu wengi waliipokea kama orodha ya kukaririwa herufi kwa herufi, kwa kuwa tahajia ya Kiingereza haifuati sauti kwa uaminifu. Lakini tazama "said". S inasikika, d inasikika. Kinachosumbua ni katikati tu. Mtoto atamke neno, aandike sauti anazozisikia, kisha azungushie duara "ai". Hapo tu ndipo pa kukariri. Mtafiti Linnea Ehri ameeleza kwa miaka mingi kwamba neno hukaa kichwani herufi zake zinapofungamana na sauti zake. Kulikodolea macho kama picha hakutoshi.

Kiswahili kina shida nyingine kabisa. Hakuna mtoto anayeshindwa kuandika "na" ikiwa peke yake; kumtengenezea kadi ya "na" ni kupoteza katoni. Shida ni mipaka. Fungua daftari lolote la imla la gredi ya pili utakutana na "kwasababu", "mama nababa", "ana soma", "na penda". Sikio halimsaidii, maana anayezungumza haachi pengo kati ya neno na neno. Katika "Juma na Asha", "na" husimama yenyewe. Katika "Juma anasoma", imo ndani ya kitenzi.

Dawa ninayoiamini ni makasi. Mwalimu aandike sentensi bila nafasi kwenye ukanda wa karatasi: "mamanababawanakulaugali". Watoto wanne wanne wabishane pa kukata. Atakayekata "wana" mbali na "kula" aulizwe: je, "kula" hapa inaweza kubaki na maana ile ile bila "wana"? Na "baba" bila "na"? Ubishi huo wa dakika kumi unafundisha kuliko kuitikia kadi asubuhi nzima.

Kuna pia lugha ya nyumbani. Mtoto wa Kiluo aandikapo "sule" badala ya shule, au wa Kikuyu "ndada" badala ya dada, ameandika kwa uaminifu anachotamka. Arekebishwe mdomoni kwanza, kalamu itafuata. Alama kubwa ya kosa kwa wino mwekundu haimwambii chochote.

Yote haya yanahitaji kitabu. Tusome, mpango wa kufundisha kusoma nchini Kenya ulioanza mwaka wa 2015 kwa ufadhili wa Marekani, ulitokana na mradi wa kusoma na hisabati uitwao PRIMR, ambao tangu 2011 ulizifikia hata shule za binafsi za ada ndogo katika mitaa duni ya Nairobi. Jambo kubwa la Tusome, kwa maoni yangu, lilikuwa kumpa kila mtoto kitabu chake cha kusoma. Neno haliwezi kuwa la kila siku kwa mtoto anayeliona ubaoni tu, tena akiwa amekaa nyuma.

Imla yenyewe iwe fupi na ya kila siku: maneno matano, mawili yakiwa ya juma lililopita, na sentensi moja nzima. Katika madarasa ya mabati, ambapo darasa la jirani linasoma kwa sauti nyuma ya ukuta wa mbao nyepesi, mwalimu asisomee mbele pekee. Apite kati ya madawati akirudia, la sivyo nusu ya makosa atakayosahihisha ni ya kelele.

Juma lijalo: "ng" na "ng'", na kwa nini kibainishi hicho kidogo hupotea daftarini.