Mawe Yenye Ushahidi

Nchi ya Zimbabwe imepata jina lake kutokana na mawe. Kwa Kishona, "dzimba dza mabwe" ni nyumba za mawe, na Mswahili hahitaji mkalimani kulisikia humo neno lake mwenyewe. Nyumba hizo ni magofu ya Great Zimbabwe, karibu na mji wa Masvingo, yaliyojengwa kati ya karne ya 11 na ya 15. Mafundi walipasua mawe magumu ya itale, wakayapanga bila chokaa wala udongo, hata kuta nyingine zikafikia kimo cha mita 11. Kisha wakachagua jiwe laini, liitwalo jiwe la sabuni, wakachonga ndege wa kusimama juu ya nguzo. Ndege wanane wanajulikana.

Mwaka 1889 Willi Posselt alimchukua ndege mmoja akamwuzia Cecil Rhodes, naye akamweka nyumbani kwake Cape Town. Wengine nao wakachukuliwa. Kipande cha mmoja kikafika Berlin. Wizi huo uliandamana na uongo. Walowezi walidai kuwa kuta hizo ni kazi ya wageni kutoka ng'ambo, kwa kuwa kukiri kwamba Mwafrika ndiye aliyezijenga ni kukiri kwamba nchi ina wenyewe. Ukweli ulikwisha kuelezwa na David Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929. Hata hivyo, serikali ya Ian Smith haikutaka usemwe, na mchimbuaji wa mambo ya kale, Peter Garlake, akalazimika kuondoka nchini.

Lakini jiwe halikunyamaza. Nicholas Mukomberanwa alikuwa askari polisi mjini Salisbury, ambao leo ni Harare. Baada ya zamu alikwenda kuchonga katika karakana ya Jumba la Sanaa la Taifa. Mwaka 1976 aliacha upolisi, akaishi kwa patasi na nyundo hadi alipofariki mwaka 2002, na sanamu zake zikasifiwa ng'ambo. Wachongaji wengi wa Zimbabwe husema kuwa umbo limo tayari ndani ya jiwe. Kazi ya mchongaji ni kuifuata rangi yake na mishipa yake mpaka umbo lijitokeze.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1980, ndege wa jiwe aliwekwa katika bendera ya taifa. Mwaka 1981 Afrika ya Kusini ilirudisha ndege kadhaa, ikapewa badala yake mkusanyiko mkubwa wa nyuki na nyigu waliokaushwa. Ndege wa Rhodes hakuwamo. Mwaka 2003 kile kipande cha Berlin nacho kikarudi.

Hapo pana funzo kwa kila mlinzi wa mpaka, bandari na kiwanja cha ndege. Jiwe lililochongwa, likikutwa ndani ya mzigo, laweza kuonekana kitu kidogo; kumbe ni shahidi wa taifa zima. Shahidi akitoroshwa, mwongo hupata nafasi ya kusema.