Ukoka na Usomaji wa Grini: Uwanja wa Gofu wa Gymkhana, Dar es Salaam

Mashariki ya Kariakoo, karibu na bahari, upo uwanja wa gofu wa Gymkhana. Katika ardhi ya pwani, ambako mteremko wa grini huweza kuwa mdogo, kuusoma mteremko pekee hakutoshi. Ukoka, nyasi inayostahimili joto, hutambaa na majani yake hulalia upande mmoja. Yaking'aa, yameelekea mbele na mpira utakwenda kasi; yakionekana meusi, yanaukabili mpira na kuuzuia. Mng'ao, hata hivyo, hubadilika na jua. Ushahidi madhubuti zaidi ni ukingo wa shimo: upande uliokauka ndiko nyasi zinakoelekea, kwani shimo lilipokatwa zilitenganishwa na mizizi yake. Usomaji uanzie hapo, mahali ambapo mpira, ukiishiwa kasi, hupinda zaidi.