Njia ya Msalaba Kilimani



Mtu afikapo Mwanza kwa mara ya kwanza, awe amekuja kwa meli au kwa barabara, jambo limshangazalo ni mawe. Majabali makubwa yamepangana juu ya vilima, jiwe juu ya jiwe. Na mengine yamesimama ndani ya maji, kama lile Jiwe la Bismarck lililo karibu na bandari. Katika nchi ya namna hii si ajabu Wakatoliki kutenga mahali pa hija penye kupanda. Na mahali pao pajulikanapo sana ni Kawekamo, katika vilima vya Ilemela, kituo cha hija cha Jimbo Kuu la Mwanza.

Leo napenda kuwaelezeni ibada ifanywayo mahali kama hapo, iitwayo Njia ya Msalaba: asili yake, namna yake, na mambo yampasayo mgeni kuyaangalia. Nasema na wote, walio Wakatoliki na wasio Wakatoliki, kwa maana wengi huwaona watu wakipanda kilima kwa sala na nyimbo wasijue maana yake.

Tangu zamani Wakristo walitamani kwenda Yerusalemu, wapite kwa miguu yao katika njia aliyopita Yesu akichukua msalaba wake. Watawa wa Mtakatifu Fransisko walikabidhiwa ulinzi wa mahali patakatifu pa nchi ile mwaka 1342, wakawa wenyeji wa mahujaji. Lakini safari ilikuwa ndefu, tena ya gharama na hatari. Wengine walifia njiani, na walio wengi hawakupata hata nauli ya kuianza. Ndipo likazaliwa wazo hili: asiyeweza kuiendea Yerusalemu, na ajengewe mfano wake karibu na kwao. Mwishoni mwa karne ya 15 mtawa mmoja wa Fransisko, Bernardino Caimi, aliyekuwa amekaa katika Nchi Takatifu, alianza kujenga nyumba ndogo za sala juu ya kilima cha Varallo, kaskazini mwa Italia, zimkumbushe mtu mahali pale.

Hapo kwanza hesabu ya vituo haikuwa moja. Mahali pengine vilikuwa saba, pengine vilizidi kumi na vinne. Mwaka 1731 Papa Klementi XII alithibitisha vituo 14, akaruhusu viwekwe katika makanisa yote, si ya Wafransisko peke yao. Hivyo ibada iliyoanzia kwa wasafiri wachache ikawa mali ya watu wote, hata wa vijiji vidogo. Na vitu vyake ni vichache: kinachotakiwa hasa ni misalaba 14. Picha na sanamu ni desturi nzuri, wala si sharti. Kwa hiyo kilima cha maskini chenye misalaba ya miti mitupu hakipungukiwi na kitu.

Vituo vyenyewe ni hivi. Yesu ahukumiwa kufa, apokea msalaba, aanguka mara ya kwanza, akutana na Mama yake, Simoni wa Kirene amsaidia kuuchukua msalaba, Veronika ampangusa uso, aanguka mara ya pili, awafariji wanawake wa Yerusalemu, aanguka mara ya tatu, avuliwa nguo, apigiliwa misumari, afa, ashushwa msalabani, azikwa. Mengi ya hayo yameandikwa katika Injili. Lakini kule kuanguka mara tatu, kukutana na Mama yake njiani, na habari ya Veronika, hayo yametoka katika mapokeo. Kwa sababu hiyo Papa Yohane Paulo II, Ijumaa Kuu ya mwaka 1991, alitumia vituo vilivyotoka vyote katika Maandiko, bila kuviondoa vile vya zamani.

Katika kila kituo watu husimama, hupiga magoti, husikiliza maneno machache ya kutafakari, husali, kisha huendelea. Huko kuendelea ni sehemu ya ibada yenyewe, kwa kuwa imewekwa badala ya safari. Kanisani, watu wakiwa wengi, yatosha kiongozi peke yake atembee na wengine wageuke wamwelekee. Kilimani kila mtu hutembea. Pumzi hupungua, jua huchoma, goti huuma juu ya jiwe; na mtu husikia kwa mwili wake yale ayasemayo kwa kinywa.

Nawaombeni sasa tukae kidogo katika kituo cha tano. Simoni alikuwa mtu wa Kirene, mji uliokuwa kaskazini mwa bara letu la Afrika, katika nchi iitwayo leo Libya. Injili yasema alikuwa akitoka shamba, askari wakamkamata, wakamtwika msalaba. Hakujitolea, wala hakuulizwa. Alikuwa mpagazi wa kulazimishwa.

Watu wa kando ya Nyanza wana sababu ya kuifahamu habari hii kuliko wengine. Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao, waliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, wakafika Kageye, ufukweni, si mbali na Mwanza, mwishoni mwa mwaka ule. Padre Pascal alikufa njiani. Kutoka Kageye Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakafika Entebbe mwezi wa Februari 1879. Mwaka 1883 misioni ikaanzishwa Bukumbi, kusini ya Mwanza. Majina hayo tumeyasoma vitabuni. Lakini ni nani waliochukua masanduku, mahema, nguo na shanga kutoka pwani? Ni wapagazi, ambao katika njia ile wengi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 au 70 begani au kichwani, mwezi baada ya mwezi. Majina yao hayakuandikwa, ila ya wachache. Simoni ni mpagazi aliyeandikwa jina, hata na majina ya wanawe, Aleksanda na Rufo.

Basi mtu afikapo kituo cha tano na ajiulize: Ni nani anichukuliaye mzigo wangu, nami jina lake silijui? Kwa fikira zangu, swali hili lina faida kuliko kuhesabu ni mara ngapi umepanda kilima.

Na tusiwadharau wasioweza kupanda. Nimesikia vijana wakimcheka mzee aliyebaki chini na fimbo yake. Hawakujua kwamba Kanisa humhesabia mtu wa namna hiyo, aliyezuiwa kwa sababu ya haki, akiyatafakari mateso ya Bwana kwa muda. Ibada hii ilianzishwa kwa ajili ya wasioweza kwenda mbali; itakuwa ajabu tukiigeuza kuwa mashindano ya wenye miguu mizuri.

Sasa neno la adabu kwa mgeni. Panda asubuhi, kabla mawe hayajashika moto. Chukua maji, uvae viatu visivyoteleza, hasa majira ya masika, kwa maana Kwaresima mara nyingi huangukia katika mvua. Usiandike jina lako juu ya jiwe, wala usiwapige picha watu walio katika sala bila idhini yao. Asiye Mkatoliki halazimishwi kupiga magoti. Akisimama kimya ameonyesha heshima ya kutosha.

Kituo cha mwisho ni kaburi, na mahali pengi huongezwa baada yake alama ya Ufufuko, watu wasirudi na huzuni. Mtu akiwa juu ya vilima vya Mwanza aweza kuliona ziwa na mitumbwi ya wavuvi. Na apumzike hapo, atazame, kisha atelemke taratibu. Na akimkuta njiani mama mwenye mzigo kichwani, au mzee aliyeshindwa na jiwe, ampe mkono. Huyo hakuhitaji kulazimishwa na askari.